Maswali na Majibu: Ulicholipia, Ulichopewa na Madai Dhidi ya Kampuni ya Uwindaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nilifunga mkataba na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii kwa safari ya siku kumi porini. Nililipa nusu ya gharama kama arubuni na nusu iliyobaki nikaimaliza kabla ya kuwasili. Nilikuwa nimeahidiwa mwindaji bingwa, yaani mtaalamu wa kuwaongoza wageni porini, wa kunihudumia peke yangu, pamoja na kambi iliyo ndani ya kitalu, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji. Nilipofika nilikuta mwindaji bingwa mmoja akituhudumia wageni watatu kwa zamu, na kambi iko nje ya kitalu, kiasi kwamba kila asubuhi tulipoteza saa mbili barabarani. Siku ya saba nilimpiga risasi pofu dume (yule swala mkubwa), akakimbia huku akivuja damu. Tulifuata nyayo kwa muda mfupi, kisha mwindaji bingwa akasema inambidi amwahi mgeni mwingine. Pofu hakupatikana, lakini ada ya nyara, yaani malipo ya mnyama aliyewindwa, nimetozwa yote. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nimeandika mara mbili nikidai nirudishiwe fedha zote, na mwenye kampuni anajibu kwamba uwindaji ni bahati na kwamba nilitia saini mkataba. Rafiki zangu wananishauri nimwanike mitandaoni. Je, nina haki gani, na nianzie wapi? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Ndugu msomaji, katika barua yako kuna malalamiko mawili yaliyofungwa pamoja, na kufungwa huko ndiko kunakompa mwenye kampuni nafasi ya kukujibu kwa sentensi moja. Lalamiko la kwanza ni kwamba ulirudi bila nyara. La pili ni kwamba hukupewa huduma uliyoilipia. Kwa lile la kwanza, jibu lake ni sahihi: mnyama wa porini hana mkataba na mtu yeyote, na kampuni yenye uaminifu haiwezi kukuuzia uhakika wa kumpata. Kwa lile la pili, bahati haihusiki hata kidogo. Idadi ya wageni kwa kila mwindaji bingwa, mahali kambi ilipo na muda unaotumika kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ni mambo yanayoamuliwa na mwenye kampuni, tena mengi huyaamua kabla wewe hujapanda ndege. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uache kudai fedha zote. Dai hilo ni rahisi kukataliwa, na linafunika madai mengine ambayo ni mazito na yanayoweza kuthibitishwa.

Chukua suala la mwindaji bingwa. Kampuni nyingi za uwindaji hupanga ada ya siku kulingana na idadi ya wageni wanaohudumiwa na mwindaji mmoja: mgeni anayehudumiwa peke yake hulipa ada ya juu, na wanaogawana mwindaji mmoja hulipa kidogo zaidi kila mmoja. Ikiwa kampuni yako ina orodha ya bei ya namna hiyo, basi kiasi cha hasara yako kimeandikwa na kampuni yenyewe. Tafuta orodha iliyokuwa ikitumika wakati ulipofunga mkataba, toa ada ya kugawana kutoka katika ada uliyolipa, kisha zidisha tofauti hiyo kwa idadi ya siku ulizohudumiwa kwa zamu. Kiasi utakachokipata hakitegemei hasira yako wala huruma ya mwenye kampuni, na ndiyo sababu nakiona kuwa nguzo ya dai lako lote. Orodha ikiwa inaishia kwenye wageni wawili kwa mwindaji mmoja, itumie hiyo hiyo kama kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa ninyi mlikuwa watatu.

Suala la kambi ni gumu kidogo kulipima kwa fedha, lakini linapimika. Soma mkataba uone kama umesema kambi itakuwa ndani ya kitalu. Kama mkataba umenyamaza na ahadi ilitolewa katika barua pepe au kijitabu cha matangazo, angalia kama mkataba una kifungu kinachosema kwamba makubaliano yote yamo ndani ya waraka huo peke yake. Kifungu hicho kikiwapo, ahadi za nje hupungua nguvu, ingawa katika nchi nyingi sheria za kumlinda mlaji humzuia mfanyabiashara kujificha nyuma yake pale alipotoa maelezo ya uongo ili apate mteja. Saa mbili za kila asubuhi kwa siku kumi ni saa ishirini, na zilipotea katika muda ambao wanyama wengi bado wako malishoni kabla jua halijawa kali. Yeyote anayejua uwindaji ataelewa uzito wake, kwa hiyo uziandike hivyo hivyo.

Sasa nije kwa pofu, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndipo dai lako la fedha lilipo dhaifu. Katika nchi nyingi zenye uwindaji wa kitalii, mnyama aliyemwaga damu huhesabiwa kuwa amewindwa, awe amepatikana au la, na mikataba mingi husema hivyo waziwazi. Kanuni hiyo ni ya haki: inamzuia mwindaji asipige risasi ovyo kisha akadai kwamba hajaua kitu. Ukisimama kupinga ada ya nyara kwa hoja kwamba pofu hakupatikana, kuna uwezekano mkubwa wa kushindwa. Hoja yako iwe nyingine. Mwindaji bingwa ana wajibu wa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa kwa juhudi zote mpaka apatikane, au mpaka nyayo na damu zipotee kabisa, au giza liingie, na kesho yake arudi. Huo ni msingi wa taaluma yake, na katika nchi kadhaa ni sharti la sheria. Mnyama aliyeachwa na risasi mwilini anateseka, na hakuna ratiba ya mgeni mwingine inayoweza kuhalalisha mateso hayo. Kampuni iliyokutoza ada kwa kuwa ulimjeruhi mnyama ilikuwa na deni la kukusaidia kummaliza na kumpata, na haikulilipa.

Ili hoja hiyo isimame unahitaji ushahidi wa muda. Andika leo, kabla kumbukumbu haijachakaa, saa uliyopiga risasi, saa mliyoacha kufuata nyayo, majina ya wafuata nyayo waliokuwapo na maneno aliyoyasema mwindaji bingwa. Picha za simu huhifadhi saa zilipopigwa, na kama ulipiga picha ya damu kwenye majani au ya gari mkirejea, hizo zina thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko. Wageni wenzako wawili nao ni mashahidi, na huenda wana madai kama yako. Waandikie mapema, kila mmoja aeleze alichokiona kwa maneno yake mwenyewe.

Vilevile uliza ada hiyo ya nyara ilikwenda wapi. Nchini Tanzania, kwa mfano, wanyamapori ni mali ya umma na ada ya mnyama hulipwa serikalini, ilhali nchini Afrika Kusini sheria ya mwaka 1991 inamtambua mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha kuwa ndiye mwenye wanyama waliomo. Fedha iliyokwisha kuingia serikalini kwa utaratibu halali ni vigumu mwenye kampuni kuirudisha, hata akitaka. Lakini kampuni nyingi huongeza kiasi chao juu ya ada ya serikali, na kiasi hicho wanaweza kukirudisha. Omba stakabadhi ya serikali. Ikiwa kampuni itashindwa kuionyesha, umepata swali jingine zito la kuipelekea mamlaka husika.

Kuhusu mamlaka, hakiki leseni. Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, humtaka mgeni awinde akiwa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Afrika Kusini humtaka mgeni apitie kwa mwendesha uwindaji aliyesajiliwa, na Alaska humzuia mkazi wa jimbo jingine la Marekani kuwinda dubu wa kahawia, kondoo wa Dall au mbuzi wa milimani bila kiongozi mwenye leseni au ndugu wa karibu anayeishi huko. Mahali penye utaratibu wa namna hii pana pia chombo cha kupokea malalamiko, chenye uwezo wa kumwonya, kumtoza faini au kumnyang'anya leseni aliyekosa. Usitegemee chombo hicho kikurudishie fedha, kwa kuwa mara nyingi si kazi yake, ingawa katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kama Idaho, mwenye leseni hulazimika kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya wateja wake. Vyama vya hiari, kama kile cha wawindaji bingwa wa Afrika Kusini au cha Namibia, vina kanuni za maadili na huweza kumwita mwanachama ajieleze, lakini havina nguvu juu ya asiye mwanachama. Hakikisha uanachama kwanza kabla hujaandika.

Baada ya hayo, andika barua moja ya madai. Barua zako mbili za mwanzo zisahau. Hii mpya itaje tarehe ya mkataba, ieleze kila ahadi na kilichotokea mahali pa ahadi hiyo, itaje kiasi unachodai kwa kila jambo na jinsi ulivyokipata, iambatishe ushahidi, kisha impe mwenye kampuni muda wa kujibu, siku 14 au 30. Isitukane na isitishe. Eleza pia kama uko tayari kupokea suluhu nyingine, kwa mfano siku kadhaa za kuwinda msimu ujao chini ya mwindaji bingwa utakayemchagua, kwa kuwa mwenye kampuni asiye na fedha taslimu anaweza kuwa na nafasi katika kitalu. Mimi binafsi ningekubali suluhu hiyo pale tu ninapoamini kwamba kampuni itakuwapo msimu ujao. Ikiwa ulipitia kwa wakala, nakala ya barua imfikie siku hiyo hiyo. Wakala amepata kamisheni kutokana na safari yako, na kampuni inamhitaji ili aendelee kuiletea wageni. Ndiyo maana neno lake mara nyingi husikika haraka kuliko la wakili.

Jambo la kuharakisha kuliko yote ni benki, ikiwa ulilipa kwa kadi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 kuhusu ankara za mikopo humpa mwenye kadi ya mkopo siku 60, tangu kutumiwa ankara ya kwanza yenye malipo hayo, kuandika na kupinga. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka huo huo wa 1974 humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa huduma zenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Mahali pengine haki hiyo hutokana na kanuni za mitandao ya kadi zenyewe, nazo zina muda wake wa mwisho. Kwa vile arubuni hulipwa miezi mingi kabla ya safari, muda huo unaweza kuwa umekwisha au umebaki kidogo, kwa hiyo piga simu leo kabla hujakaa kuandika barua yoyote. Aliyetuma fedha kwa hawala ya benki moja kwa moja kwa kawaida hana kinga hiyo.

Yote yakishindikana, rudi kwenye kifungu cha migogoro ndani ya mkataba. Kama kinataja upatanishi, kubali. Mpatanishi hana amri juu ya yeyote, lakini gharama zake ni ndogo na wengi humaliza hapo. Kama kinataja usuluhishi, uamuzi wa msuluhishi unafunga pande zote mbili, na kwa Mkataba wa New York wa mwaka 1958, uliokubaliwa na mataifa zaidi ya 170, uamuzi huo unaweza kutekelezwa katika nchi ya kampuni hata kama ulitolewa kwingine. Hukumu ya mahakama ya kwenu haina wepesi huo, kwa kuwa unaweza kushinda kesi nyumbani na ukakosa pa kuipeleka hukumu. Kwa dai la ukubwa wako, kabla hujamlipa wakili, mwombe akutajie gharama ya kuifikisha hukumu mpaka ilipwe, si gharama ya kuipata tu.

Na mitandao? Usimwandikie mwenye kampuni kwamba utamwanika asipolipa. Katika nchi nyingi maneno hayo yanaweza kutafsiriwa kuwa ni kudai fedha kwa vitisho, na wewe mwenye haki ukageuka mshtakiwa. Shauri likiisha, au njia zote zikigonga mwamba, una haki ya kuwaeleza wawindaji wengine yaliyokupata, alimradi unaeleza mambo unayoweza kuyathibitisha na hukutia saini suluhu inayokutaka unyamaze. Isome suluhu kwa makini kabla ya kuisaini, kwa kuwa kifungu cha kunyamaza ni cha kawaida sana humo.

SWALI: Mhariri, mimi niliwinda chui kihalali, mwenye kibali na kila kitu. Imepita zaidi ya mwaka mmoja, na ngozi na fuvu bado ziko katika nchi nilikowinda. Kampuni inasema kazi yake iliishia kambini, wakala wa usafirishaji anasema anasubiri karatasi, nami kila mwezi nadaiwa gharama za kuhifadhi. Nimshtaki nani? (Mwindaji Mvumilivu)

JIBU: Usimshtaki mtu bado, Ndugu Mvumilivu. Tafuta kwanza karatasi ilikokwama, kwa sababu yawezekana imekwama kwako mwenyewe. Chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Kwa mnyama wa kiambatisho hicho vinahitajika vibali viwili, na mpangilio wake una maana: nchi unakotaka kuipeleka nyara ndiyo inayoanza kutoa kibali cha kuingiza, na nchi ulikowinda haitoi kibali cha kusafirisha mpaka kile cha kwanza kiwepo. Anayeomba kibali cha kuingiza kwa kawaida ni mwindaji au mtu aliyempa idhini. Kama hujaomba, wakala wa usafirishaji anasubiri kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukileta.

Ikiwa kibali chako unacho, basi mtake mwenye kampuni akupe nakala ya leseni ya uwindaji, ya fomu iliyojazwa siku ulipowinda na namba ya lakiri iliyofungwa kwenye ngozi, kwa kuwa ngozi za chui zinazotoka chini ya mgawo wa CITES (idadi inayoruhusiwa) hutakiwa kuwa na lakiri isiyofunguka. Karatasi hizo huanzia kwake, wala hawezi kusema kazi iliishia kambini. Akishindwa kuzitoa, gharama za kuhifadhi za miezi hiyo ni halali kumdai yeye. Dai hilo liandike kwa tarehe, kuanzia siku ulipoomba karatasi kwa maandishi.

Usikubali mtu akuahidi njia ya mkato. Sheria ya Lacey ya Marekani, iliyoanza mwaka 1900, hufanya kuwa kosa kuingiza mnyama aliyewindwa au kusafirishwa kinyume cha sheria za nchi alikotoka, na zipo nchi nyingine zenye masharti yanayofanana. Ngozi inaweza kutaifishwa hata kama kosa lilifanywa na mtu mwingine. Fahamu pia kwamba mlango unaweza kufungwa na serikali yenyewe: mwezi Aprili 2014 Marekani ilisitisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, ingawa kuwinda tembo katika nchi hizo kulikuwa bado ni halali. Hasara ya namna hiyo haina wa kudaiwa isipokuwa mkataba uwe umesema nani ataibeba, na mikataba mingi haisemi.

SWALI: Mimi ninaendesha kampuni ndogo ya uwindaji. Mgeni amejitoa wiki sita kabla ya safari kwa sababu zake binafsi, na anataka arubuni yote. Mkataba wangu unasema arubuni hairudishwi. Je, nimkatalie tu? (Mwenye Kitalu)

JIBU: Kwa maandishi ya mkataba unaweza, na wiki sita ni muda mfupi kwa mtu aliyekwisha kulipia leseni, chakula cha kambi na mishahara ya watumishi. Hata hivyo, ukifanikiwa kuuza siku hizo hizo kwa mgeni mwingine na bado ukabaki na arubuni yote ya kwanza, mahakama katika nchi nyingi zinaweza kuiona kuwa ni adhabu kuliko fidia. Nakushauri umwandikie ukimwonyesha gharama ulizokwisha kuingia, ubaki na kiasi hicho, na kilichosalia umpe kama malipo ya msimu mwingine, au kirudishwe pindi siku zake zitakapouzwa. Nasimama upande wa mgeni hapa kwa sababu wewe ndiye uliyeandika mkataba na yeye aliusaini jinsi ulivyo.

Tumia nafasi hii kuurekebisha mkataba wenyewe. Tenganisha mgeni anayejitoa kwa hiari na safari inayozuiwa na mamlaka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Botswana ilisitisha mwaka 2014 na kuurejesha mwaka 2019, na mwaka 2020 mipaka ilifungwa karibu duniani kote kwa sababu ya Uviko-19. Kampuni ambazo mikataba yake ilitamka arubuni ihamie msimu gani, na baada ya muda gani mgeni arudishiwe fedha, zilikuwa na jibu la kuwapa wageni wao siku hiyo hiyo. Andika kifungu hicho, weka ngazi za marejesho kulingana na siku zilizobaki kabla ya safari, na mtumie mgeni ausome mkataba mzima kabla hujapokea senti yake.